Asilimia 4, asilimia 24 au nusu? Hesabu ya wanaume wanaokatika pumzi usingizini

Mkaza mjomba alinipa simu yake, tukiwa sebuleni kwao Kibokoni, Mombasa, akaniambia nisikilize mpaka mwisho. Alikuwa amerekodi usiku, simu kaiweka kando ya mto. Mwanzo ni mkoromo wa kawaida, msumeno unaopanda na kushuka, na feni ya dari ikilia kwa mbali. Halafu kimya. Nikadhani rekodi imeisha, nikataka kumrudishia simu yake. "Ngoja," akasema. Nikatazama sekunde zikihesabika kwenye kioo: 10, 15, 20. Ilipofika 22 ukatoka mvuto mmoja mkubwa wa hewa, kama wa mtu aliyezamishwa kichwa majini kisha akaachiwa. Kitanda kikalia, msumeno ukaanza upya.

"Watu waniambia mumeo akoroma," akasema. "Huyu hakoromi. Yuwafa na kufufuka."

Mjomba mwenyewe hakuwa na habari. Kwa maneno yake yeye hulala kama gogo, na kama kuna mtu asiyelala nyumba hiyo ni mkewe. Ana miaka hamsini na kitu, ana duka la vipuri, ana presha ambayo vidonge viwili vimeshindwa kuishusha, na ana sifa moja inayojulikana na foleni nzima ya feri ya Likoni: magari yakisogea, lake halisogei mpaka apigiwe honi. Tulipomshika maneno akarusha swali la mtu anayetaka kupotea ndani ya umati: "Kwani ni wanaume wangapi walio hivi? Si wote?"

Nikaenda kutafuta jibu. Nikarudi na majibu matatu, yote ya watafiti wa kweli, na hayafanani hata kidogo: asilimia 4, asilimia 24, na asilimia 50 kasoro kidogo. Makala haya ni ya kuyafungua majibu hayo, maana kila moja linazunguka mitandaoni likiwa peke yake, na anayekutana na moja tu ama hupuuza ugonjwa huu uitwao apnia ya usingizi ama hudhani nusu ya mtaa wake wako kaburini.

Tuanze kooni. Pua ina mfupa, na bomba la hewa lililo chini ya koromeo lina pete za gegedu. Lakini pale katikati, nyuma ya ulimi na kimio, njia ya hewa haina kitu kigumu cha kuishikilia. Ni nyama laini tupu, na misuli ndiyo inayoiweka wazi. Ukilala misuli hiyo hulegea. Njia ikiwa nyembamba, hewa hupita kwa kuzitikisa kuta zake, na huo ndio mkoromo. Ikijifunga kabisa hewa haipiti, ingawa kifua kinaendelea kuvuta na tumbo kupanda na kushuka. Oksijeni hushuka, ubongo hugutuka kwa sekunde chache, misuli hukaza, njia hufunguka kwa kishindo. Kisha ubongo hurudi kulala bila kumwambia mwenyewe kitu. Ndiyo maana mgonjwa wa apnia ya usingizi ni shahidi mbovu wa maradhi yake, na shahidi mzuri ni yule anayelala ubavuni mwake. Pwani wako ambao wakizinduka wakipapatika hivi husema wamekabwa na jinamizi. Sitaki kubishana na jinamizi, ila huyu anayekuja kila baada ya dakika tatu huyo ni koo.

Kitaalamu hewa ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa mkatiko mmoja. Huhesabiwa pia pale hewa inapopungua sana bila kukatika kabisa, mradi oksijeni iwe imeshuka kwa kiwango fulani au ubongo uwe umegutuka. Jumla yake hugawanywa kwa saa za kulala, ikapatikana idadi ya mikatiko kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida. Kuanzia 5 hadi 15 huitwa apnia hafifu, 15 hadi 30 ya wastani, na zaidi ya 30 ni kali.

Mwaka 1993 Terry Young na wenzake katika jimbo la Wisconsin, Marekani, walitoa matokeo ya wafanyakazi 602 wa umri wa miaka 30 hadi 60 waliolazwa maabara usiku mzima wakiwa na nyaya mwilini. Hawa hawakuwa wagonjwa waliokwenda kulalamika. Walikuwa watu wa kazini tu. Wanaume waliofikisha mikatiko 5 au zaidi kwa saa walikuwa asilimia 24, na wanawake asilimia 9. Kisha watafiti wakaongeza sharti moja: mikatiko 5, na juu yake mtu awe anasumbuliwa na usingizi mchana. Wanaume wakashuka hadi asilimia 4, wanawake asilimia 2.

Hapo ndipo watu wengi huteleza. Asilimia 24 na asilimia 4 zimetoka kwa watu wale wale, usiku ule ule, koo zile zile. Kilichobadilika ni swali. La kwanza linauliza ni nani koo lake linafunga. La pili linauliza ni nani koo lake linafunga na mwenyewe anaumia akijua. Kwa kila wanaume sita waliopatikana na namba, mmoja tu ndiye aliyekuwa na namba na malalamiko pamoja.

Nusu nayo ilitoka wapi? Ilitoka Lausanne, Uswisi, mwaka 2015. Raphael Heinzer na wenzake waliwapima watu 2,121 wa umri wa miaka 40 hadi 85, kila mmoja akilala kitandani kwake nyumbani. Walipandisha kigezo, wakataka mikatiko 15 kwa saa, ambayo ni apnia ya wastani au kali. Ungetegemea wapatikane wachache kuliko wa Wisconsin. Wakapatikana wanaume asilimia 49.7 na wanawake asilimia 23.4.

Si kwamba Waswisi wana koo mbaya. Muulize mvuvi yeyote wa hapa: anayerudi na papa wawili kwenye jarife na anayerudi na ndoo ya dagaa kwenye kimia hawakuvua bahari mbili tofauti, walitofautiana matundu ya wavu. Wisconsin ya wakati ule pumzi ilitambuliwa kwa kihisio cha joto, kinachokamata vizuri hewa iliyokatika kabisa lakini hukosa nyingi zilizopungua nusu. Lausanne walitumia kijibomba cha puani kinachopima mgandamizo wa hewa, na hicho hakiachi kitu. Kanuni ya kuhesabu nayo ililegezwa. Wisconsin pumzi iliyopungua ilihitaji oksijeni ishuke pointi 4. Kwa kanuni ya mwaka 2012 waliyoifuata Lausanne, pointi 3 zinatosha, au hata kugutuka kwa ubongo peke yake. Na umri ulikuwa mkubwa zaidi, wako waliokaribia miaka 85. Wavu ukawa na matundu madogo, na ukatupwa penye samaki wengi.

Mimi nikilazimishwa kuchagua namba ya kumjibu mjomba, sichagui hata moja kati ya hizo tatu. Nachukua ya Paul Peppard na wenzake, walioirudia hesabu ya Wisconsin mwaka 2013 kwa kigezo cha mikatiko 15: wanaume wa miaka 30 hadi 49, asilimia 10, wa miaka 50 hadi 70, asilimia 17. Kwa lugha ya barazani, kati ya vijana na makamu kumi wanaokunywa kahawa chungu, mmoja. Kati ya wazee sita, mmoja. Ni hesabu ya Wamarekani, na uzito wao si uzito wetu, lakini kigezo chake kina maana ya kitabibu na wavu wake hauzoi kila kidagaa.

Kuna namba nyingine ambayo huenda umeiona kwenye kichwa cha habari: watu karibu bilioni moja duniani. Ni makadirio ya mwaka 2019, watu milioni 936 wa miaka 30 hadi 69. Hiyo ni kwa mikatiko 5 kwa saa. Ukipandisha hadi 15 wanabaki milioni 425. Takwimu zenyewe zilitoka katika tafiti za nchi 16, na nchi nyingine zilikadiriwa kwa kulinganishwa na hizo kwa uzito wa watu na asili yao. Mwandishi wake wa kwanza ni mwajiriwa wa kampuni inayotengeneza mashine za kutibu maradhi haya, jambo ambalo ripoti yenyewe haikulificha. Halifanyi hesabu kuwa uongo. Lakini muuza miavuli akikwambia mvua inakuja, unatazama juu kwanza.

Basi kama kati ya wale sita wa Wisconsin waliofikisha mikatiko 5 ni mmoja tu anayelalamika, wale watano wana ugonjwa au wana namba tu? Hili ndilo fundo lenyewe, na nitalitatua polepole.

Kwanza, malalamiko ya usingizi ni kipimo chenye aibu ndani yake. Mwaka 1991 daktari Murray Johns wa hospitali ya Epworth, Melbourne, alitunga dodoso la hali nane: ukisoma, ukitazama televisheni, ukikaa bila kuzungumza baada ya chakula cha mchana, ukiwa ndani ya gari lililosimama dakika chache kwenye msongamano, na kadhalika. Kila hali unajipa 0 hadi 3 kwa uwezekano wa kusinzia. Ukivuka 10, usingizi wako wa mchana umezidi. Nilimsomea mjomba, akajipa 5. Nikamsomea mkaza mjomba amjibie mumewe bila yeye kuwepo, akampa 15. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye gari lililosimama. Mjomba alijipa sifuri. "Pale Likoni huwa nimefumba macho," akajitetea, "silali."

Ongeza na vinavyofunika. Kuna wanaume mjini hapa ambao hawajui kama wana usingizi kwa sababu hawajawahi kuupa nafasi. Asubuhi kahawa, mchana soda, jioni muguka, majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi, maskani hadi saa sita za usiku. Dereva wa trela anayetoka Kilindini kupanda Mariakani na Voi usiku, shavu limejaa, atakwambia kwa haki ya Mungu yeye yuko macho. Yuko macho, lakini usingizi umefunikwa tu, haujalipwa. Na tafiti za ajali barabarani zilizojumlishwa pamoja zimekuta madereva wenye apnia wana hatari ya ajali zaidi ya mara mbili kuliko wasio nayo.

Pili, koo linalofunga lina kazi nyingine zaidi ya kuleta usingizi. Kila mkatiko unaamsha mwili kwa mshtuko, homoni za hofu zinatoka, mishipa inabana, presha inapanda wakati ambapo ingefaa ishuke. Kwa wagonjwa ambao presha yao haisikii dawa tatu na zaidi, wengi wao wakipimwa hukutwa na apnia. Kisha kuna mkojo. Kifua kinapovuta kwa nguvu dhidi ya koo lililofungwa, moyo hutanuka, ukidhani mwili una maji mengi, ukatoa homoni ya kuziambia figo ziyatoe. Mzee anaamka mara tatu usiku, anaapa ni tezi dume au sukari, na huenda kweli ni hizo. Ila huenda pia kinachomwamsha ni koo, na akishaamka ndipo anakumbuka choo.

Tatu, na hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili, namba peke yake si hukumu. Mwaka 2016 ulitoka utafiti mkubwa wa watu 2,717 wenye apnia ya wastani au kali ambao tayari walikuwa na maradhi ya mishipa ya moyo au ya ubongo, na ambao hawakuwa na usingizi mzito wa mchana. Nusu walipewa mashine ya kuvaa usiku, inayopuliza hewa puani ili koo lisifunge, nusu hawakupewa. Baada ya miaka kadhaa, mshtuko wa moyo na kiharusi havikutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Waliopewa mashine walikoroma kidogo, walisinzia kidogo na walikuwa wachangamfu zaidi, lakini hawakupata kinga iliyotarajiwa. Wako wanaosema ni kwa sababu waliivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Inawezekana. Lakini utafiti huo unatosha kumnyamazisha anayetaka kila mwenye mikatiko 6 kwa saa aambiwe yu mgonjwa.

Kwa hiyo watano wale si kundi moja. Yuko mwenye namba ndogo, presha nzuri, anayeamka mwepesi. Huyo mwache alale. Yuko mwenye namba kubwa asiyejijua. Na wa aina hii si wachache: hesabu ya Young ya mwaka 1997 ilikuta kwamba kati ya wanaume wenye apnia ya wastani au kali, asilimia 82 hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 93.

Hiyo 93 inanirudisha kwenye neno "wanaume" lililo juu ya makala haya. Ni kweli wanaume wanaongoza, kama mara mbili au tatu. Sehemu laini ya koo la mwanamume ni ndefu zaidi, na mafuta yake hupenda shingo na tumbo. Mwanamke ana projesteroni inayouhimiza upumuaji, mpaka hedhi ikikoma, hapo naye huanza kumfikia mwanamume. Lakini kliniki za mwanzo ziliona wanaume wanane au zaidi kwa kila mwanamke mmoja, na pengo hilo halikutokana na koo peke yake. Mwanamke huenda akilalamikia uchovu na kukosa usingizi, akapewa dawa ya mawazo. Halafu, tuseme ukweli, mke humrekodi mume. Mume amerekodi nani? Kwetu uzito nao uko upande wa pili: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta wanawake wa Kenya asilimia 38.5 wana uzito uliozidi, na wanaume asilimia 17.5. Hilo lina makala yake.

Turudi kwa mjomba. Kilichomfanya akubali kupimwa hakikuwa takwimu yangu hata moja. Ilikuwa tepu ya fundi. Idi ilikuwa karibu, tukaenda kupima kanzu kwa fundi wake wa miaka yote, Mji wa Kale. Fundi akazungusha tepu shingoni, akaisoma, akaizungusha tena. "Inchi kumi na saba na nusu," akasema, akifungua daftari lake la zamani. "Ulipooa ulikuwa kumi na tano." Mimi nilikuwa najua kwamba moja ya maswali manane ya dodoso la kuchuja apnia lililotungwa Toronto, Kanada, linalotumiwa na madaktari wengi kabla ya upasuaji ni shingo iliyozidi sentimita 40. Inchi kumi na saba na nusu ni sentimita 44 na nusu. Maswali mengine ni kukoroma kwa sauti, uchovu, kuonekana ukikatika pumzi, presha, uzito, kuvuka miaka 50, na kuwa mwanamume. Mjomba alikuwa nayo saba, yote isipokuwa uzito, maana dodoso hilo linataka mnene kweli kweli. Kitambi chake ni cha biriani ya kawaida.

Alipimwa kwa kifaa cha kwenda nacho nyumbani: mkanda kifuani, kijibomba puani, kibanio kidoleni. Jibu likarudi mikatiko 19 kwa saa, yaani mara 114 katika saa sita za kulala. Apnia ya wastani. Lakini daktari alitugeuzia karatasi ukurasa wa pili, na huo ndio niliouona una faida zaidi. Akilala chali alikuwa na 41 kwa saa. Akilala ubavu, 6. Ile 19 haikumwelezea mjomba wala wa chali wala wa ubavu. Ilikuwa wastani wa watu wawili wanaotumia kitanda kimoja. Wagonjwa wengi wako hivi, maana ukilala chali ulimi huanguka nyuma.

Tiba ya uhakika ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani isaidie kulishikilia koo wazi. Mwaustralia Colin Sullivan aliitangaza mwaka 1981, na mpaka leo hakuna kinachoishinda kwa mwenye apnia kali. Bei yake ni kikwazo, na stima ikipotea usiku inakuacha na barakoa usoni. Kupunguza uzito kunasaidia: utafiti mmoja wa Wisconsin ulikuta ukipunguza asilimia 10 ya uzito wako, mikatiko hupungua kwa kama asilimia 26. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, sindano ya kupunguza uzito, kwa wanene wenye apnia ya wastani au kali. Kuna pia kifaa cha kuvaa mdomoni kinachovuta taya la chini mbele. Daktari wa mjomba alimpa miezi mitatu ya kulala ubavu na kupunguza kitambi, kisha arudi apimwe tena. Asipofika chini ya 10, mashine.

Sasa mtu aliyelala chali miaka hamsini utamgeuzaje? Njia ya zamani ni mpira wa tenisi mgongoni: ukigeuka unakuchoma, unarudi ubavu bila kuamka. Tukapeleka fulana mbili kwa fundi yule yule.

"Mfuko mgongoni?" akauliza. "Mkono utafikaje?"

"Hautiwi mkono," mjomba akajibu. "Watiwa mpira." Akamweleza yote, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotarajia, na koo na presha na rekodi ya mkewe. Fundi alisikiliza huku akipiga mstari wa chaki. Alipokata vitambaa nikaona amekata vipande vitatu. Viwili akaviweka juu ya fulana za mjomba. Cha tatu akakikunja, akakitia kwenye droo yake, akaendelea kushona.